Mlango wa Kupigiwa Goti

Majirani wa bondeni Nsambya, upande unaotazama Kibuli, walikuwa na utani mmoja ambao hawakuuchoka: kwamba Augustin Mushagalusa, seremala wa Kikongo, alimtengenezea kila mtu Kampala mlango wa maana isipokuwa mke wake. Hawakumsingizia. Milango ya Augustin ilisimama wima Lubaga na Mengo, ikafunguka kwa kidole. Wa kwake ulikuwa balaa. Aliuchonga kwa mbao mbichi za mvule, mwaka ule walipojenga, kwa sababu mvua zilikuwa zimekaribia na mke na mtoto walikuwa wanalala nyuma ya turubai. Mbao zilipokauka zikajipinda. Augustin akautazama mlango wake, akacheka, akasema atautengeneza wiki ijayo. Akawa anasema hivyo miaka nenda miaka rudi.

Ili uingie, ilikubidi upinde goti ulikandamize kwenye ubao wa chini, upande wa kushoto, na hapo hapo uinue pete ya chuma. Waganda, ambao kwao mwanamke ndiye anayepiga magoti akisalimu, walivunjika mbavu kuona wanaume wazima wakiinama mbele ya nyumba ya mkimbizi. Wakauita mlango wa kupigiwa goti, na jina likashika hata watu wakawa wanalitumia kuelekezana njia.

Hiyo ya goti ilijulikana na kila mtu. Kulikuwa na jambo la tatu ambalo wenye nyumba hawakumwambia mtu. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea, na usipoupiga mlango kofi kwenye pembe ya juu wakati ule ule unapoinua pete, ulichomoka ukakuangukia kifuani. Augustin alikuwa anafanya yote matatu kwa pamoja bila kufikiri, hata akiwa amebeba mbao begani. Mkewe Hortense, ambaye Mungu hakumpa urefu, alikuwa anatumia mpini wa fagio. Kwa hiyo mlango ulikuwa na sauti mbili. Ya fagio ilikuwa kavu. Ya Augustin ilikuwa hivi: goti, du, pete, kwii, kofi, pa. Hortense akiwa jikoni nyuma ya nyumba alikuwa akisikia pa, anaongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Hakuhitaji kuchungulia.

Huyu Hortense alitoka Bukavu mwaka wa sitini na nne, wakati wa vita, na binti wa miaka kumi amemshika mkono na cherehani ya mama yake kichwani. Cherehani iliishia Kabale, waliiuza wapate nauli. Kampala alipata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya misheni kule kilimani, na tangu hapo mikono yake ilinuka sabuni siku zote, hata Jumapili. Alikuwa mtu wa kelele na vicheko, wa kubishana na wauza ndizi mpaka wamwachie kwa bei ya hasara ili aende zake. Mtoto wao, Nabintu, alikua hapo hapo Nsambya, akaolewa Bukavu na mwalimu. Maisha yalikuwa yanakwenda.

Kisha serikali ikawa ya wanajeshi, na watu wakajifunza kuongea kwa sauti ya chini hata wanapoulizana bei ya chumvi. Augustin, pamoja na makabati na vitanda, alikuwa anatengeneza majeneza. Mwaka wa sabini na tano familia moja ilimwagizia jeneza la ndugu yao, ambaye redio ilikuwa imesema amesafiri nje ya nchi. Augustin hakuuliza. Seremala anauliza urefu tu. Siku ya pili yake gari la watu wa usalama, lenye namba ambazo kila mtu alizijua, likasimama mbele ya karakana yake nyuma ya maduka ya Kikuubo, mchana kweupe, wateja wakitazama. Wakamtia kwenye buti. Mfuniko ulikataa kufunga mara ya kwanza kwa sababu ya mguu, wakaufunga mara ya pili.

Mtu mwingine angefanya matanga. Hortense hakufanya, na alikuwa na sababu yake.

Wiki ile ile alirudi kutoka kazini jioni akaukuta mlango umefungwa kwa ufunguo kama alivyouacha. Akapiga goti, akainua, akapiga fagio, akaingia, na kabla hajatua mfuko akajua kwamba kuna mtu aliingia. Hakuna kilichovunjwa. Lakini kiti cha Augustin kilikuwa kimegeuzwa kutazama mlango, kitanda kilikuwa kimesogezwa kikarudishwa vibaya, na kule ukutani, kwenye msumari, koti lake la Jumapili halikuwepo. Funguo zilikuwa mbili tu duniani, moja mfukoni mwa Hortense na nyingine mfukoni mwa Augustin. Na mlango ulikuwa mzima! Mgeni angeuvunja au ungemwangukia. Aliyeingia alijua goti, pete na kofi.

Hortense alikaa chini sakafuni akacheka peke yake mpaka machozi. Augustin alikuwa hai. Alitoroka, akaja, hakumkuta, akachukua koti kwa ajili ya baridi ya njiani, akaondoka kabla hawajamfuata. Atarudi mambo yakitulia. Hakumwambia mtu. Padri alipomtaka jina la mumewe ili lisomwe katika misa ya marehemu, alimkatalia kwa hasira hata padri akaomba radhi.

Tangu hapo hakuigusa nyumba. Chokaa ilibanduka, bati likaoza upande wa jikoni, naye akawa anaweka beseni chini ya matone na kwenda zake. Kwao Walungu, karibu na Bukavu, bibi yake alimlea hivyo: mtu akiwa safarini, mahali pake hapasiribwi upya, asije akarudi asipatambue. Mlango ndio kabisa. Nyakati za mvua ubao wa chini ulivimba ukawa unatoa sauti ndogo, du, kama mtu amepinda goti akasita. Hortense aliacha anachofanya akangoja pete. Pete haikulia. Baadaye akawa hawezi tena kuimba jikoni, asije sauti yake ikaficha sauti ya mlango. Yule mtu wa kelele akawa mtu wa kusikiliza, na nyumba ikawa kimya hivi kwamba wageni walishusha sauti bila kujua kwa nini.

Mwaka wa sabini na saba Nabintu alituma maneno kwa dereva wa lori la kahawa. Dereva aliyasimulia amesimama uani, kofia mkononi.

"Anasema hivi: Mama auze nyumba aje. Wajukuu wanamuuliza. Anasema, Mama anangoja nini?"

Hortense alimpa chai.

Aliyemwamulia, au aliyejaribu, ni Safinah. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta wa pili, Mnubi, mjane wa dereva wa mabasi, mwanamke mrefu mwenye hina mpaka kwenye vifundo vya mikono na ulimi usio na breki. Ndugu zake kadhaa walikuwa jeshini, na yeye aliwasema vibaya hadharani kwa namna ambayo ingemgharimu mtu mwingine maisha.

"Mama Nabintu, wewe unakaa peke yako ndani ya nyumba, na hawa watu wanapita hapa na magari yao wanaangalia," Safinah alimwambia. "Leo wanaangalia. Kesho watasema hii nyumba iko ya kwetu. Uza sasa, wakati bado iko yako."

"Nitauza."

"Lakini tengeneza kwanza. Nani atanunua hii? Bati limetoboka, ukuta umekuwa kama mgonjwa wa ukurutu. Paka rangi, toa huo mlango wa wazimu, weka mpya. Bei itapanda."

"Mlango hapana."

"Ya Rabi! Mlango ndiyo kitu cha kwanza mtu anaona!"

Hapo ndipo shauri lilipokwama. Kuuza nyumba Hortense aliweza kukubali, kwa kujidanganya kwamba angemwachia Safinah maneno: Augustin akija, mwambie niko Bukavu. Lakini kutengeneza kulikuwa kitu kingine. Aliona ni sawa na kumtoa mtu kitandani akiwa bado amelala. Augustin aje usiku mmoja, apinde goti gizani, na mlango umkatae!

Wanunuzi wawili walikuja kuiona ilivyo. Wa kwanza, mfanyabiashara wa Kikuubo, aliusukuma mlango kwa bega mpaka koti likachafuka, akaondoka bila kuona sebule. Wa pili aliingia, akatazama kile kiti kilichoelekea mlangoni, akauliza kama kuna mgonjwa chumba cha pili. Alipoambiwa hakuna mtu alisema, "Mbona nasikia kama kuna mtu anangoja?" Hakurudi.

Basi Hortense akamwita Mumbere. Huyu alikuwa fundi wa kila kitu, Mnande wa Beni kule Kongo, mwembamba, mpole, mwenye kuongea na kuta anapozigonga. Akapanda juu ya bati akawafukuza kalooli wawili, ndege wale wakubwa wa majalalani wenye vipara, ambao siku hizo walikuwa wamenenepa kuliko binadamu. Akashuka, akazunguka nyumba, akapanda kwenye kigoda kuukagua mlango kwa juu. Akakaa hapo muda.

"Mama, muzee alikuwa mutu mukubwa, eh?"

"Augustin? Alikuwa wa kawaida tu. Mikono yake midogo, watu walikuwa wanamcheka. Seremala mwenye mikono ya binti."

Mumbere akaendelea kutazama. "Hapa juu kuna alama ya mukono. Iko ndani ya oili."

Hortense alijua oili ipi. Wiki ile ile waliyomchukua, Augustin alikuwa ameupaka mlango oili chafu ya magari ili mchwa wasiuguse, na oili ile haikukauka siku nyingi, ikawa inashika vumbi na kila kitu kilichoigusa. Yeye kwa kimo chake hakuwahi kuiona pembe ya juu. Mkono wa mumewe ulikuwa pale muda wote!

"Weka wako karibu nao," alimwambia.

Mumbere akaweka kiganja chake kando ya alama. Alama ilimzidi kwa vidole. Akashuka kwenye kigoda taratibu, akajifuta mkono kwenye suruali ingawa haukuchafuka.

"Huyu si mutu wa mikono kidogo, Mama."

"Mkono uliteleza," Hortense alisema. "Oili inateleza, alama inapanuka."

"Labda."

Hortense alihisi ubaridi ukimpanda kutoka miguuni, na kwa kuwa hakutaka kujua ni wa nini, aliufanya kuwa hasira. Akasema kwa ukali kwamba amechoka na upuuzi, kila mtu anamwambia toa mlango, basi na utoke. Mumbere aje Jumatatu, aanze na rangi na bati, amalizie na mlango mpya wa kufunguka kwa kidole kama wa watu wengine. Mumbere aliitikia tu, akachukua nyundo yake akaenda.

Jumamosi mvua ilinyesha mchana ikakatika. Hortense alikuwa jikoni uani, anatwanga sombe, yale majani ya mhogo, na mlango wa mbele ulikuwa umeshindiliwa bila ufunguo, kama kawaida yake mchana. Alisimamisha mchi apumzike. Katika kimya kile akasikia.

Du. Kwii. Pa.

Si fagio. Kiganja. Yote matatu kwa pamoja, bila kusita, kama mtu aliyebeba mbao begani.

Mchi ulimtoka mkononi. Alikimbia kwa miguu mitupu, majani ya sombe yamemganda mpaka viwikoni, akapita chumbani akijigonga kwenye kitanda, anapiga kelele ambazo Safinah alizisikia kwake: "Baba Nabintu! Umerudi! Umerudi, Baba Nabintu!"

Hatua moja ndani ya mlango alikuwa amesimama mwanamume mkubwa sana, suti ya Kaunda ya rangi ya kahawa, miwani myeusi, viatu vyenye soli nene vilivyojaa matope. Goti moja la suruali lilikuwa na vumbi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa bado hewani.

"Nilipiga hodi," alisema. "Hakuna mtu alijibu. Niliambiwa hapa kuna nyumba inauzwa."

Hortense alimtazama mkono. Ulikuwa mkubwa, vidole virefu, na mtu mwenyewe naye alikuwa anautazama, kana kwamba umefanya jambo ambalo hakuutuma.

Mtu huyo Hortense alikuwa hamjui, lakini aina yake aliijua, kila mtu Kampala aliijua. Walikuwa wanajeshi na watu wa usalama, wamegawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa na magari na majumba, watu wakawaita mafutamingi, na mbele yao hata mbwa waliacha kubweka. Mtu huyo alivuka sebule bila kutazama chini, akakiruka kipande cha sakafu kilichobomoka karibu na meza, akasimama kando ya kile kiti. Hakukaa.

"Nani amekufundisha mlango huu?" Hortense aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Mlango ni mlango, Mama."

"Wa bega wanausukuma kwa bega. Wa goti wanasikia kwa majirani. Ya juu hakuna anayeijua. Nani amekufundisha kupiga juu?"

Bati lilikuwa linadondosha maji kwenye beseni. Yule mtu alivua miwani, akaifuta kwa leso, na bila miwani alionekana mzee na mwenye usingizi. Hortense aliogopa kwamba atampiga. Baadaye alimwambia Safinah kwamba angependa kupigwa kuliko alichosikia, maana alikisema taratibu, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

"Yeye alisema hapana vunja mlango. Sisi tulikuwa tunakuja kutafuta karatasi ya wale watu wa jeneza. Tulikuwa na shoka ndani ya gari. Akasema, chukueni ufunguo, pigeni goti hapa, inueni hapa, pigeni hapa juu. Hapana vunja. Bibi yangu iko mfupi, hawezi kuutundika tena."

Hortense alishika ukingo wa meza.

"Na koti?"

"Koti yeye aliomba. Kule chini kwa selo kuna baridi." Akavaa miwani yake. "Tulichelewa kurudi. Hakulihitaji."

Hivyo ndivyo alivyoupata msiba wake, mchana, sombe ikimkaukia mikononi, kutoka kwa mtu aliyekuja kununua nyumba. Hakulia. Alitaka kulia lakini alihisi ni haramu kumlilia Augustin mbele ya huyo. Kwa kitambo chote kile alikuwa ameilinda nyumba kwa ajili ya mkono ambao haukuwa wa mumewe.

"Kwa nini unataka nyumba hii?" aliuliza mwishowe. "Si mnazichukua tu?"

"Nimechukua zingine. Nyumba kubwa, kule juu. Silali ndani yake." Alilitamka hilo kwa namna ya mtu anayemweleza daktari. "Nikasema, nitanunua moja, na pesa yangu, kwa mwenyewe. Hii ninaikumbuka. Sijui kwa nini ninaikumbuka." Kisha akajikaza, sauti ikarudi ya afande. "Utapata bei unayotaka. Bati mpya, rangi mpya. Na huo mlango utoe. Weka mwingine. Mimi sitaki kuuona. Na maneno ya leo, Mama, yaache humu humu ndani."

"Mimi nauza nyumba tu, afande."

Alipotoka aliuacha mlango wazi nyuma yake.

Safinah alimkuta Hortense ameketi juu ya kile kiti, kwa mara ya kwanza tangu kigeuzwe. Aliposikia habari alikwenda kwake akaleta mkeka, akautandika sakafuni, akamshusha Hortense kama mtoto, na hapo ndipo kilio kilipotoka. Wanawake wa bondeni wakakisikia, wakaja mmoja mmoja kwa kuingilia uani, hawakuuliza nani kafa. Jumapili Hortense alipanda kilimani akampa padri jina. Liliposomwa kanisani, Augustin Mushagalusa, kati ya majina ya wazee waliokufa kwa maradhi ya kawaida, alihisi uchungu mkali, na chini ya uchungu, kwa mshangao na aibu yake mwenyewe, alihisi kupumzika. Masikio yake yaliacha kusikiliza.

Jumatatu Mumbere alikuja na ngazi. Saruji aliitafuta kwa magendo, bati vivyo hivyo. Akaziba, akasiriba, akapaka chokaa nje na rangi ya maziwa ndani, na nyumba ikaanza kung'aa mpaka Safinah akasema sasa yeye ndiye atakayeinunua. Mwishowe Mumbere alifika kwenye mlango. Aliugonga, akapima fremu, akaongea na ukuta.

"Mama, mulango haina kosa," alisema. "Mbao zilijipinda, lakini ukuta ndiyo umelalia fremu yenyewe. Muzee alipoona, akajenga ukuta kufuata mulango. Nikitoa hii, ukuta wa mbele wote unakuja chini."

Hortense aliangua kicheko, cha kwanza kwa siku nyingi, kile cha zamani cha kupasua masikio. Wiki ijayo, wiki ijayo! Augustin alijua wazi kwamba hakuna wiki ijayo, kwamba amewajengea mlango usioondoka, na akamdanganya mkewe maisha yao yote huku anacheka.

"Utaweza kubomoa na kujenga tena?"

"Ninaweza, Mama. Ukitaka."

Alifikiri. Alikuwa na kila sababu ya kutaka. Yule mtu alikuwa amesema hataki kuuona, na watu wa namna yake hawasemi mara mbili. Hortense aliutazama ubao wa chini, pale ambapo magoti ya Augustin yalikuwa yameulainisha, kisha akatazama juu asikoweza kufika.

"Usiguse," alisema. "Tia misumari mirefu kwenye fremu. Bawaba ya juu iache ilivyo. Nataka usimame hivi hivi hata mimi nikiwa nimeoza."

Mumbere alimtazama, akaelewa au hakuelewa, akachukua misumari.

Siku ya kukabidhi, yule mtu alikuja na magari. Alikuwa amemleta mke mpya, msichana mwenye dhahabu masikioni na macho ya woga, pamoja na rafiki zake wa miwani na makreti ya bia. Hortense alikuwa amesimama mbele ya nyumba na kifurushi chake. Lori la kahawa lilikuwa linamngoja barabarani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo nyuma yake, mzee, mweusi kwa oili, katikati ya ukuta mweupe.

Yule mtu aliuona kutoka mbali. Hatua zake zikapungua. Alipofika alisema kwa sauti ya chini, wageni wake wasisikie, "Nilisema huo utoke."

Hortense alikuwa anaogopa kiasi cha kuhisi mkojo. Lakini alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake usiku na mchana.

"Afande, mwenyewe aliomba usivunjwe. Wewe ndiye uliyemsikia."

Alinyoosha mkono na ufunguo. Mtu yule hakuupokea. Alikuwa ameganda, uso umekuwa na rangi ya majivu, na rafiki zake walikuwa wameanza kuulizana kuna nini.

"Huo kaa nao," alisema. "Mimi ninao."

Akatoa mfukoni ufunguo wa Augustin, na kamba yake ile ile ya katani.

Hortense alipandisha kifurushi kichwani. Safinah alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika kiwiko kwa nguvu. Dereva aliwasha lori. Kisha, juu ya mlio wa injini, Hortense akasikia wazi kabisa: goti, pete, kofi.

Safari hii hakukimbia kwenda kuangalia.